Mficha Uchi Hazai

Wapo watu wazima visiwani mwetu ambao, nguvu za kiume zinapowapungua, hunyamaza, au hununua unga wa dawa usiojulikana asili yake. Haya ni sifa njema. Bali haya inayomzuia mgonjwa asitibiwe ni hasara.

Umri peke yake haumalizi unyumba. Mara nyingi udhaifu huo huletwa na kisukari, shinikizo la damu au tumbaku, mambo yanayoharibu mishipa. Na kwa kuwa mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, huko ndiko dalili huweza kutangulia, pengine kwa miaka. Anayenyamaza hujinyima onyo.

Vidonge vya sildenafil, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, vina manufaa yake. Lakini anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti akivimeza, shinikizo la damu laweza kushuka ghafla na kumwua.

Hivyo, wazee wetu hawana budi kwenda kupimwa sukari na shinikizo la damu. Nao viongozi wa afya wahakikishe kila kituo kina vipimo hivyo, pamoja na chumba cha faragha ambamo mzee ataweza kusema bila kufedheheka.