Nani Azibe Mashimo ya Nairobi?

Kila mvua za masika zinyeshapo katika miji ya Afrika Mashariki, swali moja hurudi pamoja nazo: shimo lililochimbika katikati ya barabara ni la nani? Katika mazungumzo yetu ya leo juu ya nchi jirani tutalitazama swali hilo jijini Nairobi, ambako jibu lake limetafutwa katika Katiba, Bungeni na hata Ikulu.

Katiba ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti, 2010, iligawa kazi kwa maneno ya wazi. Barabara kuu za taifa ziliwekwa chini ya Serikali ya taifa, pamoja na uwezo wa kuweka viwango vya ujenzi na matengenezo ya barabara nyingine. Barabara za kaunti, taa za mitaani na maegesho ya magari vilikabidhiwa serikali za kaunti, ambazo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi, 2013. Kwa ufupi, Katiba ilitaka kaunti ifanye kazi katika barabara zake, na Serikali ya taifa iweke kipimo cha kazi hiyo.

Lakini Katiba haikukuta uwanja mtupu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilikuwa imekwisha kuunda Mamlaka ya Barabara za Mijini, chombo cha Serikali kuu, chenye wahandisi wake na fungu lake la fedha. Hivyo mwendesha gari wa Nairobi huweza, katika safari moja fupi, kupita juu ya barabara za taifa na za kaunti bila kujua mpaka uko wapi. Gurudumu likipasuka, hajui agonge mlango upi.

Maji nayo hayaujui mpaka huo. Shimo la barabarani huanza na ufa mdogo katika lami. Maji hupenya, hulainisha udongo na kokoto zilizo chini, na magurudumu ya magari humalizia kazi. Ufa ukizibwa mapema, gharama ni ndogo. Ukiachwa, barabara nzima hufumuliwa. Na mtaro ukijaa takataka, maji hulala juu ya lami hata ile iliyojengwa vizuri. Iwapo mtaro unamngoja huyu na lami inamngoja yule, usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwenye kuujenga ni mlipa kodi.

Kiini cha ugomvi ni fedha. Nchini Kenya kila lita ya petroli na dizeli hutozwa ushuru wa matengenezo ya barabara. Mwezi Julai, 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa lita. Mwaka huo huo magavana walidai shilingi bilioni 10.5 za mfuko huo ziende katika kaunti, wakisema kwamba aliyepewa barabara apewe na fedha za kuzitengeneza. Seneti iliwaunga mkono. Bunge la Taifa lilikataa, likitaka fedha zibaki kwa mamlaka za Serikali kuu. Wanaotetea Serikali kuu wana hoja: mitambo ya lami ni ghali, wahandisi ni wachache, na kaunti nyingine zimelaumiwa kwa matumizi mabaya ya fedha.

Hoja hiyo ilikwisha kujaribiwa Nairobi. Mwezi Februari, 2020, Gavana wa wakati huo, Mike Sonko, alitia sahihi Ikulu kuikabidhi Serikali kuu kazi kadhaa za jiji, zikiwemo za usafiri na ujenzi. Chombo kipya kiliundwa, kikiongozwa na Meja Jenerali Mohammed Badi. Zipo barabara zilizotengenezwa, lakini mkuu huyo hakuchaguliwa na wakazi wa jiji, wala wasingeweza kumwondoa kwa kura. Mwezi Septemba, 2022 chombo hicho kilifikia kikomo, na kazi zikarudi katika kaunti.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Kwa sheria ya mwaka 2010, jiji la Kampala liliwekwa chini ya Serikali kuu, likiendeshwa na Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais, ingawa Meya aliendelea kuchaguliwa. Hata hivyo, mwezi Aprili, 2023 wakazi walianza kutangaza picha za mashimo ya jiji lao katika mitandao, mpaka Rais Museveni akaagiza zitolewe shilingi bilioni 6 za Uganda za kuyaziba. Shimo la mtaani lilihitaji amri ya Rais.

Nasi hatuna sababu ya kuwacheka majirani. Serikali za mitaa zilivunjwa nchini kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1970, huduma za miji zikazorota, na mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa. Mwaka 2017 barabara za halmashauri zilikabidhiwa TARURA, wakala wa Serikali. Utaalamu umekusanywa pamoja. Lakini mwananchi akisumbuliwa na barabara ya mtaa wake, wa kwanza kumwuliza bado ni diwani, ambaye greda haliko mikononi mwake.

Ndugu wasikilizaji, Serikali kuu haina budi kuweka viwango, kukagua na kumwadhibu aliyemwaga lami nyembamba. Lakini mkaguzi akijitwalia na kazi na mfuko wa fedha, nani atamkagua yeye? Na kaunti ikipewa barabara bila fedha, itaulizwaje? Kazi, fedha na lawama vikae mahali pamoja, karibu na mwenye kuishi kando ya barabara. Kipimo kikae kwa mwingine. Hilo ndilo lililoandikwa katika Katiba ya Kenya, na wakazi wa Nairobi wana haki ya kulidai.