Ndege ya Salale Haihitaji Bomu

Vita vya mezani ni mchezo wa watu wenye subira. Meza hutandikwa ramani au kitambaa, juu yake zikapangwa manowari, askari na ndege za kimo cha kidole, kisha wachezaji wawili wakasogeza vikosi vyao kwa rula na kuamua mapigo kwa kete. Maofisa wa Prussia walijifunza ukamanda kwa mchezo wa aina hii tangu miaka ya 1820, na mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akautolea kitabu cha kanuni za kuchezea nyumbani. Siku hizi mchezo una soko lake, na kinachouzwa sana katika soko hilo ni silaha. Ukiulizia ndege ndogo ya Vita Kuu ya Kwanza utaletewa Fokker ya mabawa matatu au Sopwith Camel, bunduki zake zimechongwa hadi matundu ya mtutu yanahesabika. Ni vitu vizuri, sikatai. Ila anayetaka kuiweka mezani vita iliyopiganwa kwetu, kwenye mikoko ya Salale, akinunua kwa jicho hilo atarudi na ndege isiyo na kazi. Kabla ya kuuliza ndege ilibeba silaha gani, aulize ilitumwa kufanya nini.

Salale leo ni kata ya wilaya ya Kibiti. Mwaka 1914 jina hilo liliwatesa Waingereza. Manowari ya Wadachi, Königsberg, ilikuwa imeizamisha Pegasus pale Zanzibar tarehe 20 Septemba, kisha ikatoweka. Karatasi zilizokamatwa Lindi kwenye meli ya Präsident ndizo zilizotaja Salale, na mwisho wa Oktoba manowari Chatham ikathibitisha kwamba adui amejificha ndani ya delta ya Rufiji, milingoti yake imefunikwa matawi. Kuingia kumfuata haikuwezekana: meli zao kubwa zilihitaji maji mengi kuliko yaliyomo katika mikono ya mto. Basi wakamkodi Cutler, rubani wa kiraia aliyekuwa akirusha ndege Afrika Kusini, pamoja na ndege yake ya majini aina ya Curtiss. Rejeta yake ilipokufa, nyingine ikatolewa kwenye gari la Ford huko Mombasa. Kwa chombo hicho cha kuungaunga Cutler aliiona Königsberg kwa macho yake mwezi Novemba, na mwezi uliofuata akaangukia mikononi mwa Wadachi. Ndege za Sopwith zilizoletwa baada yake hazikufua dafu, maana joto na unyevu wa pwani viliziharibu na zikashindwa kupaa na mzigo wa maana. Zikaja Short za majini, ambazo Aprili 1915 zilileta picha za manowari ile, na mwishowe Caudron na Henri Farman zilizoruka kutoka uwanja uliosafishwa kisiwani Mafia.

Hoja yangu imesimama juu ya siku mbili za Julai 1915. Waingereza walileta Severn na Mersey, meli za bapa zilizoundwa kwa ajili ya mito ya Brazili, zenye uwezo wa kupita penye maji haba. Tarehe 6 zikasimama kiasi cha kilomita 10 kutoka Königsberg, zisiione wala zisionwe nayo, msitu wa mikoko ukiwa katikati. Mizinga yao ilitupa makombora zaidi ya 600 siku ile, na meli ya Wadachi haikufa. Ndege ilikuwepo angani ikirekebisha shabaha kwa simu ya upepo, lakini meli mbili zilipiga kwa pamoja, mtazamaji asijue kombora hili limetoka kwa nani. Wadachi nao walikuwa na jicho lao, mtu aliyepandishwa juu ya mti karibu na mto, na walilenga vizuri mno hadi Severn ilipoubaini mti ule na kuupiga. Tarehe 11 Waingereza walirudi wamejifunza, wakapiga meli moja baada ya nyingine. Rubani Cull na mtazamaji wake Arnold, juu ya Farman, walifuatilia kila kombora na kusahihisha shabaha mpaka makombora yakaanza kutua ndani ya manowari. Ndege yao ilipopigwa na kuanza kushuka, Arnold aliendelea kutuma masahihisho hadi walipoanguka mtoni karibu na Mersey. Wakaokolewa wote wawili. Königsberg ilimaliziwa na mabaharia wake wenyewe siku hiyohiyo. Kiswahili kilikuwa na neno rubani kabla ya ndege kubuniwa, likimaanisha mtu anayekiongoza chombo penye miamba na mikondo. Kwa kazi waliyoifanya Cull na Arnold, maana hiyo ya kale inafaa kuliko ya leo.

Mtu atasema ndege zile zilidondosha mabomu pia. Ni kweli, hata alfajiri ya tarehe 6 mabomu yalidondoshwa kuwashughulisha Wadachi wakati meli zinaingia mtoni. Lakini hakuna bomu lililoamua lolote pale, na kanuni za mchezo zitakazompa rubani kete ya kuzamisha manowari zitakuwa zinasimulia vita nyingine. Kete yake iwe ya kuona: je, mtazamaji ametambua kombora lilipotua? Meli mbili zikipiga pamoja, apunguziwe alama.

Hapo ndipo kipimo kinapoingia. Caudron ilikuwa na mabawa ya mita 13.4. Kwa kipimo cha 1/72 inakuwa sentimita 18 na ushee, kwa 1/144 zaidi kidogo ya 9, na kwa 1/1200 ni milimita 11. Königsberg, yenye mita 115, kwa 1/144 inakaribia sentimita 80, yaani inaimeza meza nzima. Kwa 1/1200 haifiki sentimita 10. Hata hapo, zile kilomita 10 zinadai zaidi ya mita 8 za sakafu, ndiyo maana wachezaji huuacha umbali ufuate kipimo kingine, kidogo zaidi kuliko cha vyombo vyenyewe. Anayependa uzuri atalalamika kwamba ndege ya milimita 11 haina hata sura. Na aiweke ya 1/144 rafuni, apendeze nayo. Mezani inatakiwa ndege isiyoziba mto.

Pingamizi zito ni jingine: hii si vita ya Wazungu, iliyowaumiza wengine? Ni kweli, na duka halikusaidii hapo. Mitambo ya boila za Königsberg ilikokotwa na Waafrika hadi Dar es Salaam ikatengenezwe na kurudishwa. Meli ilipokwisha, mizinga yake 10 ikatolewa mtoni na kupelekwa kwa jeshi la nchi kavu, kwa mabega yaleyale. Vibarua na wapagazi hawauzwi kwenye masanduku ya ndege na manowari. Lakini kuwaacha nje ni kuidanganya meza, kwa sababu bila wao ile manowari isingedumu deltani karibu miezi kumi. Wachongwe, wawekwe, na kila boila inayosogea imgharimu mchezaji siku na watu. Mchezo unaohesabu gharama hiyo hauwezi kuitwa wa kushangilia vita.

Kuhusu upatikanaji, ndege za Salale si bidhaa ya kawaida hata Ulaya. Watengenezaji wanafuata umaarufu, na Caudron haina umaarufu wa Camel. Kwetu kuna ugumu wa ziada, kwamba rangi za mafuta na gundi za plastiki hushika moto na kwa hiyo husumbua kusafirishwa kwa ndege. Ila kitu cha milimita 11 hakihitaji sanduku. Pwani yetu watoto huchonga ngalawa za kuchezea kwa mti mwepesi. Kadibodi, wembe na sindano vinatosha kwa ndege yenye mabawa mawili. Fedha iliyobaki iende kwenye ramani nzuri ya delta, yenye kila mkono wa mto na kina chake wakati maji yamejaa na yanapokupwa. Na anayetaka kuona silaha yenyewe kwa ukubwa wake, mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa.