Septrin ya Kanairo, maji ya Makueni: Jua linaweza kusafisha dawa mtoni?

Msee akimeza Septrin pale Eastleigh leo, si dawa yote inaishia mwilini. Nyingine inatoka na mkojo, inashuka chooni, na kama maji taka hayajasafishwa fiti inaingia Mto Nairobi. Na huo mto hauishii Kanairo. Unajiunga na Athi, na Athi inateremka Ukambani hadi inakuwa mpaka kati ya Kitui na Makueni. Huko kuna watu wanachota maji, wananyweshea ng'ombe na kumwagilia nyanya. Huko pia ndiko Bwawa la Thwake lilianza kujengwa 2018, limepangwa kushika maji mita za ujazo milioni 688.

Hii si udaku. Watafiti walipima maji ya bonde la Mto Nairobi, na matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kuna antibiotiki na hata ARV ndani. Sulfamethoksazoli, ile ya Septrin, ilikuwa moja yao.

Utasema, si hizo ni dawa, shida iko wapi? Shida ni kipimo. Zikiwa kidogo mtoni haziui bakteria wote. Wale wagumu wanabaki, wanazaana, na siku ukiugua dawa inagoma. Mwaka wa 2019 pekee, usugu wa bakteria kwa dawa ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Kuchemsha maji je? Viini vinakufa, lakini sulfamethoksazoli haitishwi na sufuria.

Sasa cheki hii. Kuna unga mweupe unaitwa titani dioksidi, uko kwenye rangi ya ukuta na krimu za kukinga jua. Mwaka wa 1972, Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walionyesha kwamba ukipigwa na mwanga unaweza kusaidia kuvunja maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Baadaye wanasayansi wakaugeuzia uchafu.

Iko hivi: miale ya urujuanimno ya jua ikigonga huo unga, elektroni inaruka na kuacha pengo. Hilo pengo linanyang'anya maji elektroni, na hapo zinazaliwa chembe kali za hidroksili. Hizo hazichagui Septrin wala Flagyl. Zinakata dawa vipande vipande, na zikipewa muda wa kutosha inabaki kaboni dioksidi, maji na chumvi kidogo. Unga wenyewe hauliwi, ndio maana unaitwa kichocheo.

Na Ukambani, jua si kitu cha kuomba.

Lakini tusidanganyane. Kwanza, miale ya urujuanimno ni kama asilimia 5 tu ya mwanga wa jua, ndio maana maabara nyingi zinasaka vichocheo vinavyotumia mwanga wa kawaida. Pili, Athi ikifurika inakuwa rangi ya chai ya maziwa, na mwanga haupenyi matope. Lazima maji yatulie na kuchujwa kwanza. Tatu, unga ukiumwaga tu, kuutoa ni kazi, so ni afadhali upakwe kwenye kioo au kigae. Na ukikatiza kazi njiani, vile vipande vya dawa vinaweza kuwa na sumu yao.

Kwa hivyo hakuna mtu atamwaga unga Thwake mambo yaishe. Mahali pake ni mwisho wa mtambo wa kusafisha maji, au kwenye maji taka ya hospitali kabla hayajafika mtoni. Na kinachouma ni kwamba mchanga wenye titani tulikuwa nao Kwale. Tuliusafirisha nje kuanzia 2014 hadi mgodi ukafungwa mwisho wa 2024.

Kabla teknolojia ifike, kuna kitu unaweza kufanya leo. Usinunue antibiotiki juu ya homa ndogo bila kuandikiwa na daktari. Na zile tembe zimebaki kwa droo, usiziflashi kwa choo. Uliza duka la dawa kama watazichukua, juu kuna mtu Kibwezi atakutana nazo.