"Ni Mishipa": Lakini Mishipa Ipi?

Katika ziara za diakonia, wazee wengi hutueleza kuwa miguu inawauma wakitembea. Majirani hujibu: "Ni mishipa." Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa tunaita mshipa ule wa damu na ule wa fahamu pia, na matibabu yake ni tofauti.

Mishipa ya damu ikiwa imeziba kiasi, misuli inayofanya kazi hukosa damu ya kutosha. Mgonjwa husikia kubanwa, hasa kwenye shavu la mguu, baada ya mwendo unaokaribia kuwa ule ule kila siku. Akipanda mlima maumivu huja mapema zaidi. Akisimama tu dakika chache, hupoa. Mguu unaweza kuwa wa baridi. Walio hatarini zaidi ni wavutaji sigara, wenye kisukari na wenye shinikizo la damu.

Mishipa ya fahamu ikibanwa kwenye uti wa mgongo sehemu ya kiuno, maumivu hushuka kutoka kiunoni au makalioni, mara nyingi pamoja na ganzi. Kusimama hakumsaidii mgonjwa. Hupata nafuu akiketi au akiinama mbele. Ndiyo maana huyu huweza kusumbuka zaidi akiteremka kuliko akipanda, na huenda akaendesha baiskeli vizuri ingawa kutembea kunamshinda.

Mtu mmoja anaweza kuwa na matatizo yote mawili, hivyo uamuzi ni wa daktari. Hupima shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu na kwenye mkono. La mguuni likigawanywa kwa la mkononi na kupatikana chini ya 0.9, ni dalili ya mishipa ya damu kuziba. Dawa ya kuchua haizibui mshipa, na kuchelewa kunaweza kumgharimu mgonjwa mguu wake.

Asicheleweshwe hata siku moja mwenye mguu uliopoa na kupauka ghafla, anayeishiwa nguvu za miguu, au aliyeshindwa kuzuia haja. Kidonda cha mguu kisichopona na maumivu ya usiku akiwa amelala navyo vinahitaji daktari mapema.

Tunaziomba kamati za sharika ziwaulize wazee maswali matatu: Maumivu yanaanzia wapi? Yanapoa ukisimama, au mpaka uketi? Kupanda na kuteremka, kipi kigumu zaidi? Majibu yaandikwe, mgonjwa aende nayo hospitali. Nanyi wafadhili wetu, nauli mnayochangia ndiyo inayomfikisha kwenye kipimo hicho mguu ukiwa bado mzima.