Kabla ya Kununua Kiyoyozi cha Duka au Ofisi

Bei ya kiyoyozi hulipwa mara moja, lakini umeme wake hulipwa kila mwezi. Wafanyabiashara wa Mombasa wanashauriwa kumwita fundi apime kwanza: ukubwa wa chumba, madirisha yanayopigwa na jua la alasiri, idadi ya watu na mashine zinazotoa joto. Kiyoyozi kidogo mno hufanya kazi bila kupumzika. Kikubwa mno huzima kabla ya kuondoa unyevu hewani.

Kisha angalia lebo ya nyota: nyota nyingi, umeme kidogo. Epuka gesi ya R-22, inayoondolewa sokoni hatua kwa hatua. Karibu na bahari, chagua mtambo wa nje uliokingwa dhidi ya kutu.