Maji Chini ya Jumba la Opera

Katika mji wa Paris, ulio mji mkuu wa nchi ya Ufaransa, mna jumba kubwa liitwalo Palais Garnier. Ni jumba la opera na bale. Opera ni mchezo ambao wachezaji wake husema maneno yao kwa kuimba, huku wapigaji wa fidla, filimbi na tarumbeta wakiwafuatisha. Bale ni mchezo usio na maneno; hadithi yake huonyeshwa kwa mwendo wa miguu, mikono na mwili wote.

Zamani opera ya Paris ilikuwa na nyumba nyingine, katika njia ya Le Peletier. Jioni moja ya Januari 1858, Kaisari Napoleon III alipokuwa akifika pale, adui zake walitupa mabomu njiani. Yeye aliokoka, lakini watu wengine waliuawa. Basi ikakusudiwa kujenga jumba jipya, mahali penye nafasi na usalama. Wajuzi wa kuchora majengo wakaitwa kushindana, ikapokewa michoro 171. Aliyeshinda, mwaka 1861, ni Charles Garnier, mwana wa mhunzi, mtu wa miaka 35 ambaye jina lake lilikuwa halijavuma bado.

Wafanya kazi walipochimba msingi, walikuta maji. Kadiri walivyochimba, maji yalizidi. Zikaletwa mashine za mvuke za kuyavuta, nazo zikafanya kazi usiku na mchana kwa miezi mingi. Walakini Garnier alijua ya kuwa maji ya ardhini hayaishi. Mashine zikikoma, yatarudi na kuzisukuma kuta kwa nguvu toka nje. Basi alifanya nini? Alijenga chini ya jukwaa birika, yaani tangi kubwa la mawe na saruji, kisha akalijaza maji. Maji ya ndani yakasukuma kuelekea nje, na ya nje yakasukuma kuelekea ndani, hata nguvu hizo zikalingana. Ukitaka kufahamu jambo hili, chukua kopo tupu, ulisukume ndani ya ndoo ya maji. Utaona maji yanalirudisha juu. Kisha ulijaze maji, nalo litatulia.

Mwaka 1870 vita viliingia. Mji ukazingirwa, ujenzi ukasimama, na jumba lisilokwisha likawa ghala ya chakula. Kaisari aliupoteza ufalme wake, akafa Uingereza mwaka 1873 bila kuliona jumba limekamilika.

Wakati huo adui mkubwa wa nyumba za michezo alikuwa moto, maana ziliangazwa kwa taa za gesi zenye ndimi wazi. Mwaka 1862, katika nyumba ile ya Le Peletier, mcheza bale Emma Livry alikuwa akijizoeza, na nguo yake nyepesi ikagusa taa, ikawaka. Alifariki mwaka uliofuata, naye alikuwa na umri wa miaka 20 tu. Oktoba 1873 nyumba yenyewe iliteketea. Hapo kazi ya jumba jipya ikahimizwa, likafunguliwa tarehe 5 Januari 1875.

Mgeni aliingiapo huona kwanza ngazi kuu ya marumaru za rangi nyingi. Kisha hufika katika ukumbi ulio kama kiatu cha farasi, wenye roshani juu ya roshani, na viti karibu 2,000 vya mahameli nyekundu. Katikati huning'inia thuria, yaani taa ya matawi mengi, ambayo uzito wake hupita tani 6. Mwaka 1896 kimoja cha vyuma vizito vilivyowekwa kuisawazisha kilianguka kati ya watazamaji, kikamwua mwanamke mmoja. Picha za dari zilizo juu yake zilichorwa na Marc Chagall, zikazinduliwa mwaka 1964. Jukwaa lenyewe lina mteremko: kila mita moja kuelekea nyuma, hupanda sentimeta 5, ili watazamaji waione vema miguu ya wachezaji. Mcheza bale hana budi kujifunza kusimama imara mahali pasipo sawa.

Na lile birika? Watu walisimulia kwamba chini ya jumba mna ziwa, na mwandishi Gaston Leroux aliitia habari hiyo katika hadithi yake ya mwaka 1910. Kwa kweli si ziwa, ni tangi la Garnier. Maji yake ni akiba ya kuzimia moto, na wazima moto wa Paris hujizoeza kupiga mbizi humo gizani. Hivyo maji yaliyokaribia kulizuia jumba lisijengwe yamekuwa mlinzi wake. Watazamaji huisifu dhahabu iliyo juu, wala hawayaoni yaliyo chini. Lakini wahenga walisema kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.