Leo Hatujamwona Koko

Saa tisa za mchana, jua la Kisangani likianza kulegea, mzee mmoja anatoa ubao wake wa dame na kuuweka juu ya kigoda chini ya mwembe. Ubao ni kipande cha mbao kilichopigwa mistari kwa kalamu. Kete ni vizibo vya chupa za Primus, za upande mmoja zimelala kifudifudi, za upande wa pili zinatazama juu. Kwa robo saa anacheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Kisha mwenzake anafika, kabebwa nyuma ya toleka na kijana wa jirani, na kabla hajashuka kwenye baiskeli anapokewa kwa sauti: "Jana ulipotelea wapi? Hatukukuona!" Uso wa mzee yule unachangamka kama mtu aliyelipwa deni la zamani.

Miaka ninayofuatilia afya ya wazee imenifundisha kuliheshimu neno hilo, "hatukukuona". Maana yake ni kwamba pana mahali ambapo nafasi yako ikibaki tupu, watu wanaona. Mzee mwenye mahali pa namna hiyo ana kinga. Asiye napo yuko hatarini, hata kama analala katika nyumba iliyojaa watu.

Upweke katikati ya watu

Wengi wetu hudhani kwamba upweke ni shida ya Ulaya, ambako wazazi hupelekwa kwenye nyumba za wazee. Kwetu mzee anakaa parseli moja na wanawe, wakwe na wajukuu. Upweke utamwingilia wapi? Lakini kukaa peke yako ni jambo moja na kuwa mpweke ni jambo lingine. Mvuvi aliye peke yake mtoni alfajiri anaweza kuwa na moyo mtulivu kabisa. Koko, yaani babu au bibi, aliyezungukwa na watu kumi, anayeletewa sahani yake pembeni na kuambiwa "kula, upumzike", anaweza kumaliza wiki nzima bila mtu kumuuliza swali linalohitaji jibu lake. Upweke ni pengo lililopo kati ya uhusiano ambao mtu anautamani na ule alio nao.

Mwanasaikolojia John Cacioppo wa Chuo Kikuu cha Chicago aliufananisha upweke na njaa. Njaa inakusukuma utafute chakula, upweke unakusukuma utafute watu. Njaa isiposhibishwa mwili unadhoofika, na upweke nao ni hivyo hivyo. Mwili unakaa macho kama unaotarajia adui: usingizi unakatikakatika na shinikizo la damu linapanda. Mwaka 2010 watafiti walikusanya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000, wakakuta kwamba wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi ya wengine kwa asilimia 50 hivi. Juni 2025, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka.

Ubaya mkubwa wa upweke ni kwamba unajilisha wenyewe. Mpweke huwasoma watu vibaya. Mjukuu akipita mbio bila kusalimu, koko anasema moyoni, "Ananidharau." Ananuna, na akinuna wanamkwepa. Na kwa kuwa mzee anayejitenga na kuongea peke yake huwa mwepesi kushukiwa uchawi, ukimya unaoanza kama huzuni unaweza kumalizikia kwenye mashtaka yasiyo na msingi.

Njia zilizowafikisha hapo

Wazee wa Kisangani wameupata upweke kwa njia zao. Aliyefanya kazi kwenye reli ya kwenda Ubundu, ile ya kilomita 125 inayokwepa maporomoko ya Boyoma, alipoacha kazi aliacha pia kundi la wenzake. Vijana wamekwenda Kinshasa, Bunia au machimboni. Kuna waliozika wenzi na watoto katika vita vya siku sita vya Juni 2000, na walioshuhudia machafuko ya mwaka 1964 wakiwa watoto. Kila mwaka wanaokumbuka nao wanapungua.

Kuna pia sababu ndogo tunayoipita bila kuiona: masikio na macho. Mzee asiyesikia vizuri huchoka kusema "eeh?" mara kumi, mwishoni anabaki chumbani. Familia inasema amebadilika tabia. Kabla hujasema hivyo, mpeleke kituo cha afya. Huenda ni nta iliyoziba sikio, au mtoto wa jicho anayeweza kutolewa kwa upasuaji.

Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka

Ukimwambia mpweke "nenda ukaongee na watu", umempa mzigo. Mpe kazi ya kufanya pamoja na watu, maongezi yatafuata yenyewe. Watazame wavuvi Wagenia pale kwenye maporomoko: mzee ambaye miguu yake haiwezi tena kusimama kwenye miti ya mitego bado anajua kusuka mtego wenyewe. Akikaa na vijana wawili, macho yote yakiwa kwenye kazi, hakuna anayelazimika kutafuta la kusema, na maneno yanakuja.

Zimbabwe wameijenga hekima hii kuwa tiba. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza Harare na bibi 14, akawafunza kusikiliza wenye mawazo mengi, wakikaa nao kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliofanyika katika kliniki 24 na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazee pale wamepewa wajibu, na watu wanawahitaji.

Hapa kwetu hatuhitaji kungoja mradi. Tuna dame, kwaya, bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, likelemba (mchango wa zamu) ya akina mama. Mambo matatu huifanya shughuli kuwa dawa: iwe na siku na saa isiyobadilika, mzee awe na jukumu lake, hata la kutunza daftari la likelemba, na pawe na wadogo wa kujifunza kwake. Aliye mbali naye apige simu siku ile ile kila wiki, na aombe ushauri badala ya kuuliza tu "umekula?"

Lakini tusichanganye mambo. Mzee akikaa wiki mbili hali vizuri, halali, au anasema heri afe, hiyo huenda ni sonona. Apelekwe kwa daktari, dame haitatosha. Na viongozi wakumbuke kwamba Katiba yetu ya 2006, ibara ya 49, inawapa wazee haki ya kulindwa kulingana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya roho.

Namkumbuka koko mmoja mjane aliyekuwa akishinda kitandani. Binti wa jirani alimwomba amfundishe kufunga kwanga, mkate wa muhogo. Wakaanza kila Alhamisi: koko anapanga majani ya ngongo, jani juu ya jani, anakunja ncha, anakaza kamba kwa meno. Baada ya miezi michache wasichana walikuwa wanne. Alhamisi moja hakutokea. Hawakungoja, waliweka majani chini wakaenda kugonga mlango wake, wakamkuta anatetemeka kwa malaria. Walimpandisha kwenye toleka, mmoja akamshikilia kwa nyuma, wakamfikisha kituo cha afya mapema.

Wiki iliyofuata alirudi kwenye kiti chake, akaichukua kwanga ya kwanza iliyofungwa bila yeye, akaikagua, akaifungua na kuanza upya.